Kijana, Kamera na Mkopo wa Chama
Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati za mikopo za vyama vya msingi



Katika kata ya Ikinga, wilayani Ileje, kama katika kata nyingine za Mkoa wa Songwe, watoto wa wanachama hawaitafuti riziki shambani peke yake. Wapo washonaji, wachomeleaji vyuma na waendesha bodaboda. Na wapo wanaotaka kuishi kwa kupiga picha za harusi. Kijana wa namna hii afikapo mbele ya kamati kuomba mkopo wa kamera, wajumbe hugawanyika. Baadhi huona kazi hiyo ni mchezo. Wengine hudhani kwamba kamera ikishanunuliwa, biashara nayo imepatikana. Pande zote mbili hukosea, na kinachohatarishwa ni akiba ya wanachama.

Kwamba kazi hii si mchezo, Afrika ya Mashariki inao ushahidi wa siku nyingi. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Mjini Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na kwa miaka mingi maharusi walikwenda kwake wakiwa katika mavazi yao ya heshima. Mafundi hao walijua kupanga taa, kusafisha picha katika chumba cha giza na kutunza filamu. Siku hizi chumba cha giza karibu kimetoweka, lakini wajibu wa fundi haukupungua.

Wajibu huo unatokana na jambo moja: harusi hairudiwi. Gunia la kahawa likipimwa vibaya huwekwa tena juu ya mizani. Kiapo cha kanisani, au nikaha, hakitamkwi mara ya pili kwa sababu betri ya mpiga picha ilikwisha. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati lisiwe bei ya kamera, bali ni harusi ngapi ambazo kijana amekwisha kuhudhuria kama msaidizi. Aliyemfuata fundi wa Tunduma, Vwawa au Mbeya kwa msimu mzima, akabeba taa, akajifunza mahali pa kusimama bila kumziba mchungaji wala kuwaudhi wazee, huyo amekwisha kulipa sehemu ya dhamana yake.

Swali la pili ni vifaa. Kijana huvutiwa na kamera mpya ya gharama kubwa. Afadhali anunue kamera mbili za wastani, hata zilizokwisha kutumika, ili moja ikigoma nyingine iendelee. Aongeze betri za akiba, taa, memori kadi zaidi ya moja, na mfuko wa kuzuia maji. Mvua za milima ya Ileje hazingoji sherehe imalizike. Mkopo unaomalizika wote katika kamera moja ni mkopo uliokaa juu ya mguu mmoja.

Swali la tatu, ambalo ndilo huangusha wengi, ni majira. Katika nchi ya kahawa, sherehe hufuata fedha za mavuno. Wakati wa Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, na masika barabara za vijijini huwa ngumu. Tufanye hesabu ya mfano. Kijana amekopa shilingi 2,400,000. Kwa mwaka anapata harusi 10, kila moja kwa shilingi 400,000. Nauli, msaidizi, uchapaji wa picha na albamu humla shilingi 150,000 kwa kila harusi. Hubaki shilingi 250,000. Kwa harusi zote 10, shilingi 2,500,000. Akitakiwa kulipa deni lote kwa mwaka mmoja, atabaki na shilingi 100,000, kabla ya riba, za kula mwaka mzima. Atauza kamera. Akipewa miaka miwili, atalipa shilingi 1,200,000 kwa mwaka na kubakiwa na 1,300,000 kabla ya riba. Tena marejesho makubwa yapangwe katika miezi ya sherehe, na madogo katika miezi mikavu ya kazi. Shamba au kibanda cha kupiga picha za vitambulisho kitamsaidia kuvuka miezi hiyo.

Swali la nne ni mapatano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kusudio la kufunga ndoa litolewe taarifa siku 21 kabla. Muda huo unatosha kuandikiana na kamati ya harusi: bei, malipo ya awali, idadi ya picha, siku ya kukabidhi albamu, na kitakachofanyika mpiga picha akiugua. Mapatano ya mdomo na mjomba wa bwana harusi yamevunja urafiki mwingi. Vilevile picha zihifadhiwe mahali pawili tofauti mpaka wenyewe wazipokee. Nazo zisibandikwe dukani wala kusambazwa mtandaoni bila ridhaa ya maharusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya matumizi ya taarifa za watu.

Basi kamati isimkatae kijana kwa kuwa kazi yake haina jembe, wala isimkopeshe kwa kuwa baba yake ni mwanachama mwema. Imwombe daftari la harusi alizosaidia, orodha ya vifaa pamoja na bei zake, hesabu ya mwaka mzima, na nakala ya mapatano atakayotumia. Asiyekuwa na hayo aelekezwe kwa fundi, arudi msimu ujao. Aliye nayo apewe mkopo unaolingana na majira yake, na mjumbe mmoja apewe jukumu la kulikagua daftari lake kila baada ya miezi mitatu.