Biashara Inaweza Kututosha mu Umaskini?

(Maneno tuliyosema mu mukutano wa memba, Ruashi)



Kila mara tunapopita mu nyumba za memba, tunapata ulizo moja: «Munatuambia tufanye biashara. Ile biashara itatutosha kweli mu umaskini?» Jibu letu: inaweza, lakini haiwezi peke yake.

Munakumbuka Gécamines. Miaka ya 1980 ilikuwa inatosha shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Kisha ikaanguka. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walikubali kuacha kazi, wakapewa franga mara moja. Kuko waliofungua duka, kuko walionunua gari, kuko walioenda kulima. Kwa wengi haikukawia, franga ikaisha. Hawakuwa wavivu, hapana. Walikuwa wamekaa miezi mingi bila mushahara, basi deni, masomo ya watoto na magonjwa vilikula kapitali mbele biashara haijasimama.

Hata mu inchi zingine ni vile. Muhammad Yunus alianza kukopesha maskini wa Bangladesh mu 1976, na mu 2006 akapewa zawadi ya Nobel. Lakini mu 2015 kulitoka utafiti wa inchi sita, kama vile Ethiopia, India na Moroko. Ulionyesha kwamba mukopo mudogo unasaidia mutu kupanga maisha na kuongeza biashara yake, lakini mara nyingi haupandishe mapato ya nyumba sana.

Tuangalie hapa kwetu. Mama anayeuzisha unga ananunua kwa dola, anauzisha kwa franka. Franka ikishuka, anauzisha mifuko yote na bado hawezi kununua ingine sawasawa. Mu 2024 ukame uliharibu mahindi ya Zambia, unga ukapanda bei. Siku ile ile mutoto akilala lupitalo, kapitali inaenda. Kesho hana meza sokoni, anaanza tena na deni.

Wale waliorudi kutoka kambi za Kala na Mwange wamekwisha kuanza maisha upya mara moja. Tusikubali waanze kila mwaka.

Kwa hiyo tunaleta shauri moja, mulijibu mu mukutano huu. Likelemba yetu ibaki ya kapitali. Pembeni yake tufungue sanduku la pili, la ugonjwa na kilio tu, kila memba aweke kidogo kila juma. Funguo tatu, watu watatu, kitabu kinasomwa mbele ya wote.

Kwenu munaotusaidia: musitume franga ya kuanzisha biashara tu. Mutie sehemu mu sanduku la pili, juu ndilo linachunga ile ya kwanza.

Na kwenu memba: franga ya biashara haiko franga ya nyumba. Andikeni kila jioni, hata kama ni mifuko mbili tu.

Sasa tunasikiliza mawazo yenu.