Maisha ya Bwenini: Maneno kwa Vijana Wanaokwenda Chuo Kikuu

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya vijana wa kidato cha sita)



Nimepewa dakika 20, na Katibu amekwisha kuninong'oneza kwamba pilau iko tayari. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu, nalo ni hili: mkifika chuo kikuu, shirikini kwanza katika ukumbi mnaolala, kabla hamjakimbilia majukwaa makubwa.

Nitasema habari za Mlimani, Dar es Salaam, kwa sababu ndiko nilikolala mimi. Chuo kile kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964, na kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Mtu akitaja maisha ya wanafunzi wa pale, mara nyingi hukimbilia mambo mazito. Atataja Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Atataja kile chama cha wanafunzi wanamapinduzi alichokiongoza Yoweri Museveni, na gazeti lao la Cheche, lililoanza 1969 na kupigwa marufuku pamoja na chama chenyewe 1970. Au atataja Machi 1978, walipoandamana kupinga nyongeza za mawaziri na wabunge. Hayo yote ni ya kweli na yana heshima yake. Lakini waliofanya hayo walikuwa wachache kila mwaka, na hata wao walianza kwa kukaa vitandani usiku wakibishana na mtu wa kitanda cha pili.

Mimi niliingia 1979. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa likitutaka tupite JKT, kisha tufanye kazi, na tupate mapendekezo ya mahali pa kazi na ya Chama ndipo tukasome. Kwa hiyo hatukuwa watoto. Chumbani mwetu mmoja wetu alikuwa na mke na watoto wawili, akituma fedha kwao kila alipopata posho. Ngazi ya juu kulikuwa na MUWATA, iliyoundwa 1978 kuchukua nafasi ya DUSO. Huko kulikuwa na hotuba, na wenye sauti walikuwa wengi. Mimi sauti sina, kama mnavyosikia. Nikachaguliwa mjumbe wa ukumbi wa orofa yetu, kwa sababu sikuwapo siku ya uchaguzi.

Kazi yenyewe ilikuwa sabuni. Mnaokumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera mnajua nchi nzima ilivyokuwa: sabuni, sukari, dawa ya meno, vyote kwa foleni. Siku moja bweni letu likapata miche 40 ya sabuni, nasi tulikuwa karibu watu 200. Tulikaa kikao mpaka saa sita usiku. Wengine wakataka kura. Wa mwaka wa tatu wakadai wao ndio wakubwa, waanze. Mmoja, aliyekuwa akisomea sheria, akasimama kutueleza haki ni nini, akaeleza kwa nusu saa, tukampigia makofi ili akae. Mwishowe kijana wa uhandisi akaleta rula na waya mwembamba. Tukakubaliana kila mche ukatwe vipande vitano, kila watu watano wajikatie wao wenyewe, na yule anayekata ndiye achukue kipande cha mwisho. Hapo mikono yote ikanyooka! Nilikuwa nasomea uchumi, na tangu siku zile nimekaa katika kamati nyingi za ushirika na za msikiti, lakini kanuni iliyo bora kuliko ile ya waya na rula bado sijaiona.

Sasa lipo jambo zito zaidi la ukumbi ule. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, msomaji hodari, ambaye njia yake ilikuwa tatu tu: chumbani, maktaba, kafeteria. Hakucheza mpira, hakuja kikaoni, hata sabuni yake alichukuliwa na jirani. Likizo fupi ilipofika, wenzake wa chumbani wakasafiri, yeye akabaki kupiga msuli. Kazi yangu nyingine ilikuwa kupita milango usiku kuhesabu waliobaki, ili tujue ndoo ngapi za maji zipandishwe asubuhi. Usiku wa pili nikagonga kwake, kimya. Jirani akasema labda yuko maktaba. Lakini kandambili zake zilikuwa mlangoni. Tukasukuma mlango, tukamkuta malaria imempanda kichwani, anaongea na mama yake ambaye hakuwapo. Tulimshusha ngazi kwa shuka, watu wanne, mhadhiri mmoja jirani akatoa gari lake. Alipona. Ni mzee mwenzangu sasa, ana wajukuu, na nina ruhusa yake kuyasema haya ila jina.

Sisemi hayo ili mnisifu. Mlango ule haukugongwa na urafiki, maana sikuwa rafiki yake. Uligongwa na orodha ya ndoo.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mahali ambapo watu wanajuana kila saa, wanaweza pia kumsakama mmoja. Mlimani palikuwa na gazeti la ukutani lililoitwa Mzee Punch, ambalo waandishi wake hawakujulikana. Lilicheka wakubwa, na watu walilipenda kwa hilo. Lilicheka pia wanafunzi, hasa wasichana, na kicheko kikawa mateso. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kusumbuliwa hivyo. Ninyi mmesoma shule ya wavulana watupu. Lijueni jambo hili kabla hamjafika. Utakapoombwa ushiriki katika mzaha, uliza nani atakayeulipa.

Sasa nije kwenu. Wengi wenu hamtapata kitanda chuoni. Mabweni yale mapya yaliyofunguliwa Mlimani Aprili 2017 yana nafasi 3,840, na hata hivyo wanafunzi ni wengi mno kuliko vitanda. Mtapanga vyumba Sinza, Changanyikeni, Mabibo na kwingineko, mmoja mmoja au wawili wawili. Bumu likitoka mtashiba, likichelewa mtalala. Simu mnazo, na kwenye simu mtajuana na watu mia tatu. Lakini simu ikizimika siku mbili, watu hao watasema imeisha chaji. Nani ataona kandambili mlangoni?

Kwa hiyo, unapohamia, wiki ya kwanza, gonga milango ya nyumba ile hata kama wapangaji si wanafunzi. Mama mwenye nyumba ajue unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi. Mkiwa wanafunzi watano mtaa mmoja, pikeni pamoja Jumapili; mtu asipokuja kula, mmoja aende kwake. Ukipata bweni, gombea ile kazi isiyogombewa: ya taka, ya maji, ya funguo. Vyama vya mijadala na dini na michezo vitakuja vyenyewe kukuita, hivyo sina haja ya kuwafundisha. Wala msiogope kwamba mtadisko kwa sababu ya saa moja ya kikao kwa wiki.

Nanyi wazee wenzangu, msianze kusinzia. Katibu ameweka daftari pale mlangoni lenye kurasa mbili zilizopigwa mistari. Upande wa kushoto vijana waandike jina, chuo wanakokwenda na mahali watakapolala wakishapajua. Upande wa kulia, wewe unayekaa Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro au Mwanza uandike mtaa wako na siku ambayo nyumbani kwako huwa mnapika cha ziada. Daftari litafungwa saa 10 jioni. Kalamu ni moja, kwa hiyo pangeni foleni.