Tusipime mbio za gari kwenye foleni



Sokoni tumezoea kulitazama debe kabla ya kuyatazama mahindi. Debe lililobonyezwa kitako hujaa upesi, na muuzaji huapa kwamba limejaa. Kwa maneno yake hajasema uongo. Debe limejaa kweli. Lakini mnunuzi amepunjwa. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupita kukagua mizani na kuzigonga muhuri.

Leo nataka tuzungumzie bidhaa ambayo muhuri wa namna hiyo hutaukuta kwenye boksi lake. Nayo ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hasa inaponunuliwa kwa ajili ya michezo ambayo vijana wetu wanaiita gemu. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watoto. Sawa, lakini fedha inayotoka si ya watoto. Prosesa ya Ryzen 7 9800X3D ilipotoka Novemba 2024 ilitangazwa kwa dola 479 za Marekani, kabla ya mtu kununua kitu kingine chochote cha kuizunguka. Mnunuzi anayetoa fedha kama hiyo huonyeshwa chati: mstari mrefu ni wa prosesa hii, mfupi ni wa ile. Swali la kuuliza ni moja tu. Je, mistari hiyo imepimwaje?

Kwanza tuelewe kazi inavyogawanywa. Mchezo unapoendelea, prosesa hupiga hesabu: mpira unaelekea wapi, adui amejificha wapi, nani kagongana na nani. Ikishamaliza huikabidhi kazi kadi ya picha, na kadi ndiyo inayochora kile tunachokiona kwenye skrini. Kasi ya mchezo hupimwa kwa idadi ya picha zinazochorwa kila sekunde. Kati ya wawili hawa, aliye mzito ndiye anayeamua kasi ya wote.

Hapo ndipo udanganyifu wa kwanza unapozaliwa, hata bila ya mtu kukusudia. Skrini ya vitone 1920 kwa 1080 ina vitone milioni 2 na kidogo. Ile ya 3840 kwa 2160 ina zaidi ya milioni 8, yaani mara nne kamili. Ukizipima prosesa mbili kwenye skrini hiyo kubwa, kadi ya picha huelemewa, na prosesa zote mbili hukaa zikiisubiri. Matokeo yatalingana, na muuzaji atakwambia, "Unaona? Hazina tofauti." Ni sawasawa na mtu anayetaka kujua gari lipi lina mbio, akayapima yote mawili kwenye foleni ya asubuhi ya kuingia mjini. Gari bovu na gari jipya yatafika pamoja. Hapo aliyepimwa ni foleni.

Kwa hiyo mpimaji mwaminifu kwanza huiondoa foleni. Huchukua kadi ya picha yenye nguvu kuliko zote alizonazo, na hupunguza vitone, ili kikwazo kibaki kuwa prosesa yenyewe. Kisha husawazisha yale mengine: kumbukumbu ya aina inayolingana, mfumo uleule wa kompyuta, feni ya kupoza yenye uwezo uleule, maana prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo. Hupima mahali palepale katika mchezo uleule, tena zaidi ya mara moja, na hutumia michezo mingi, kwa kuwa kila mchezo una tabia yake.

Haya si mambo ya kufikirika. Oktoba 2018, kampuni ya Intel ilikuwa inaitangaza prosesa yake ya Core i9-9900K. Iliilipa kampuni ya Principled Technologies ipime prosesa hiyo pamoja na Ryzen 7 2700X ya wapinzani wao, AMD. Majibu yaliyotolewa yaliipa Intel ushindi mkubwa. Wapimaji wa kujitegemea walipoyachunguza wakagundua kwamba ile Ryzen, yenye viini 8 vya kufanyia kazi, ilikuwa imewekwa katika mpangilio uliozima nusu ya viini hivyo. Na mpangilio wenyewe uliitwa wa michezo, ingawa ulikusudiwa hasa prosesa kubwa zaidi! Kelele zikapigwa, vipimo vikarudiwa, na pengo likapungua. Intel iliendelea kuongoza, lakini si kwa umbali ule wa kwanza. Sina haja ya kuhukumu nia ya mtu. Ninachosema ni kwamba kosa lilionekana kwa sababu wapimaji walieleza kwa maandishi jinsi walivyopima. Wangeficha, hadi leo tungekuwa tunaziamini zile namba.

Jambo la pili ni wastani. Tuseme kompyuta imechora picha 60 katika sekunde moja. Ukigawa sawasawa, kila picha imepata milisekunde 16 na ushei. Lakini inawezekana kabisa picha moja ilikawia milisekunde 100, na zile 59 zikapita haraka kufidia. Wastani utabaki 60, huku mchezaji ameona skrini ikikwama mbele ya macho yake. Mwaka 2011 Scott Wasson, mwandishi wa tovuti ya The Tech Report, alionyesha kwamba yatupasa kupima muda wa kila picha badala ya kuzihesabu kwa jumla tu. Tangu hapo wapimaji makini huonyesha pia kasi ya zile picha zilizochelewa kuliko zote, asilimia moja ya mwisho. Chati isiyoonyesha hilo imeeleza nusu ya habari.

Tena tusidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Aprili 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D. Mwendo wake wa juu ni gigahezi 4.5, wakati ndugu yake 5800X hufika 4.7. Mtu wa kusoma boksi angemchagua ndugu. Lakini yule wa kwanza amepewa akiba ya kumbukumbu ndani ya prosesa ya megabaiti 96 badala ya 32, na katika michezo mingi humwacha mwenzake nyuma. Fundi mwenye vifaa vyote mezani humaliza kazi kabla ya fundi mwenye mikono myepesi anayekwenda stoo kila dakika.

Na vipimo vya zamani navyo huchacha. Agosti 2024, prosesa za Ryzen 9000 zilipotoka, wapimaji wengi walipata matokeo madogo kuliko yaliyotangazwa na AMD. Kampuni ikaeleza, miongoni mwa mengine, kwamba yenyewe ilipima kwa akaunti ya msimamizi wa Windows, na kwamba Windows ilikuwa inafanyiwa marekebisho. Marekebisho yalipofika yaliongeza kasi, lakini yakaziongezea pia prosesa za AMD zilizotangulia. Anayechukua namba mpya ya prosesa mpya na kuilinganisha na namba ya mwaka juzi ya prosesa ya zamani, anapima kwa madebe mawili tofauti.

Najua wapo watakaouliza: nani hucheza kwa kadi ya bei mbaya kwenye skrini ndogo? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba hapa kuna maswali mawili, na kila moja lina kipimo chake. Prosesa hii ina nguvu kiasi gani? Hilo hujibiwa bila foleni, na ndilo litakalokusaidia ukija kubadili kadi baada ya miaka mitatu. Mimi, kwa kadi niliyonayo leo, nitapata nini? Hilo hujibiwa kwa kadi ya aina yako na skrini ya aina yako, na mara nyingi jibu litakuwa kwamba prosesa ya bei nafuu inatosha, fedha inayobaki iende kwenye kadi. Anayechanganya majibu haya mawili ndiye anayemwingiza mnunuzi hasara.

Basi, ndugu wasikilizaji, ukionyeshwa chati dukani, uliza ilipimwa kwa kadi gani, kwa skrini gani, lini, na nani aliyelipia. Muuzaji mwenye majibu atakujibu kwa dakika mbili. Asiye nayo, mwachie debe lake.