Shujaa Juu ya Paa



Vijana wetu hapa Nyeri, na kule Karatina na Nanyuki, hupenda vitabu vya katuni vya mashujaa wa Marekani. Wazazi wengi huvidharau. Sisi tuliviazima tukavisoma. Kimoja, X-Men, kilianza kutolewa mwaka wa 1963, mwaka ule ule Martin Luther King alipohutubia maandamano makubwa mjini Washington. Mashujaa wake wamezaliwa na vipawa vya ajabu, lakini watu wale wale wanaowaokoa huwachukia kwa sababu ya kuzaliwa kwao. Wasomaji wengi wameona humo mfano wa Waamerika Weusi waliokuwa wakidai haki zao. Mwaka wa 1975 akaongezwa mwanamke aitwaye Storm, ambaye mama yake ni Mkenya. Yeye huamuru mvua, na wanakijiji wa Kenya humwabudu. (Sisi tunaomwomba Mungu mvua chini ya mlima huu, hapo hatukupendezwa.)

Kijana mmoja akatuuliza, “Mchungaji, na sisi tulikuwa na nani?”

Tulimweleza habari za Askofu David Gitari. Siku zile kura ilipigwa kwa kupanga foleni, kila mtu akionekana amesimama nyuma ya nani, naye Askofu alipinga jambo hilo waziwazi. Mwaka wa 1987 alihubiri hapa Nyeri juu ya Danieli, na sheria iliyotungwa kwa hila ili kumnasa mtu mwadilifu. Wakubwa walikasirika sana. Usiku mmoja wa Aprili 1989, watu waliivamia nyumba yake huko Kirinyaga. Askofu hakuruka hewani. Alipanda juu ya paa akapiga kelele, kama mtu yeyote mwenye hofu. Majirani wakasikia, wakatoka gizani wakaja, na wavamizi wakakimbia.

“Basi hakuwa na nguvu yoyote?” kijana akauliza, amevunjika moyo kidogo.

Tulimwambia asome Danieli, sura ya 6, aone kama Danieli aliwafumba simba vinywa kwa mikono yake mwenyewe.

Alisoma. Jumapili iliyofuata alirudi, wala hakuuliza tena juu ya Danieli wala Askofu. Aliuliza juu ya majirani. “Mchungaji, kama ingekuwa hapa kwetu, usiku, ninyi mngefungua mlango mkatoka?”

Hatukumjibu upesi.

Tuombe.