Waya Umekatika: Mbona Fundi Achelewa?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, Makupa)



Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za mtandao zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Zote mbili zafika hapa Mombasa. Mtandao ukawa mzito siku nyingi, na wengi wetu tulisema, "Mafundi ni wavivu." Ndugu, tusiwaonee wenzetu.

Kujua mahali palipokatika si taabu. Fundi hupeleka mwanga ndani ya uzi wa kioo, akapima muda wa kurudi kwake, akajua umbali. Kuunga nako ni kazi ya siku chache bahari ikitulia. Kuchelewa kuko kabla ya hapo. Meli ya kazi hiyo, Léon Thévenin, kituo chake ni Cape Town. Lazima ipakie waya wa akiba, isafiri, tena ingoje ruhusa ya serikali yenye bahari ile. Nyaya zilizokatika Bahari ya Shamu Februari 2024 zilingoja miezi, kwa sababu ya vita vya Yemen.

Sisi wa reli twalijua jambo hili. Mvua ikichukua tuta, kufunga reli si shida. Shida ni genge liko mbali, mataruma hayako stoo, na ruhusa ya kufunga njia haijatoka.

Lakini nani hulipia kuchelewa huko? Siku moja mtandao ulikufa, karatasi za makasha hazikutoka. Vibarua wenzetu walikaa langoni toka alfajiri. Jioni waliambiwa hakuna kazi, hakuna malipo. Je, wao ndio waliokata waya? Mwaka 2012 waya wa TEAMS ulikatwa na nanga ya meli hapa hapa nje ya Mombasa, wala nanga ile haikushushwa na kibarua.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, waya wa akiba na meli viwekwe karibu na pwani yetu. Pili, ruhusa zitengenezwe mapema, si baada ya ajali. Tatu, na hili tulishike sana: kibarua aliyeitwa kazini alipwe siku yake, mtandao uwepo usiwepo. Hilo la tatu halingoji meli.