Gari Likikataa Kuwaka Alfajiri

(Mazungumzo mbele ya madereva na makanga wa Kisii na Nyamira)



Tumekuja kuzungumza habari ya gari kuukuu linalokataa kuwaka. Kila mmoja wetu aliyeendesha matatu ya zamani kati ya Daraja Mbili, Keroka na Nyamira aijua shida hii. Saa kumi na moja alfajiri kuna ukungu na baridi, akina mama wamekwisha funga mikungu yao ya ndizi, nasi twazungusha ufunguo, gari kimya. Jua likipanda tumekosa safari mbili, lakini hesabu ya mwenye gari haipungui hata senti moja.

Mwenzetu mmoja alikatwa fedha za stata mpya. Stata ikafungwa, gari likakataa vilevile. Kumbe ni waya wa betri uliolegea! Fedha zake hazikurudi. Ndiyo sababu twasema: dereva aujue ugonjwa kabla ya kumwita mganga.

Kwanza, washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana, na stata ikilia ta-ta-ta, ubaya u katika betri au nyaya zake. Tazama vichwa vya betri kama vina unga mweupe au wa kijani. Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya; osha kwa maji ya moto, kwangua mpaka ving'ae, ukaze. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Mwenye mita apime: betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6, ikionyesha 12 tu, nguvu iliyobaki ni kidogo. Tena usivute sigara hapo, maana betri hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Pili, taa zikibaki na nguvu, na stata ikagonga mara moja tu au isiseme kitu, chunguza stata yenyewe, nyaya zake, fyuzi na swichi ya ufunguo.

Tatu, stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini moto usishike, msilaumu betri wala stata. Gari la dizeli, subiri taa ya kupasha moto izimike kwanza, maana asubuhi za milimani kwetu ni baridi. Kama jana tenki lilikauka, hewa imeingia katika mabomba. Penye pampu ya mkono juu ya chujio, pampu mpaka iwe ngumu. Gari la petroli, chomoa plagi. Ikiwa imelowa, mafuta yafika, basi tafuta cheche. Ikiwa kavu, tafuta mafuta. Wala usizungushe stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Ipumzishe, isije ikaungua.

Nne, ndugu makanga, hili ni lenu hasa. Barabara zetu ni za vilima. Gari likisukumwa injini ikiwa imezimika, breki huwa ngumu na usukani mzito. Makanga asisimame mbele ya gari, wala upande wa chini wa mteremko. Wekeni mawe nyuma ya magurudumu. Safari iliyopotea hupatikana kesho. Mguu uliovunjika haurudi ulivyokuwa.

Mwisho, haki yetu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Betri iliyochakaa kwa umri si kosa la makusudi. Basi kila dereva awe na daftari: aandike tarehe, aliyoyaona, na siku aliyomwarifu mwenye gari. Ukiitwa kulipa, usiende peke yako. Njoo na daftari lako, nasi tutakwenda pamoja.

Umoja ni nguvu.