NA, AU na SI katika Sharti la Mbolea
(Maneno yaliyosemwa na Katibu mbele ya darasa la watu wazima, ghalani)



Tunaanza kwa kukiri kosa. Sharti la mkopo wa mbolea lililobandikwa hapa msimu uliopita tuliliandika sisi viongozi, na tuliliandika vibaya. Lilisema: "Atakayekopeshwa awe amelipa hisa na amemaliza deni la zamani au ana mdhamini."

Jamani, sentensi ni moja, lakini ghalani ilisomwa namna mbili. Siku moja mtu asiye na hisa hata moja alichukua mifuko kwa kuwa ana mdhamini. Siku nyingine mama mmoja, mwenye hisa na mdhamini, alirudishwa ati deni halijaisha. Tukawa tunabishana, muda wa mbolea ya kukuzia ukapita, mahindi yake yakabaki ya njano. Yule mama tumekwisha kumwomba radhi. Lakini radhi haijazi ghala. Basi tujifunze.

NA hudai yote. Likikosekana moja tu, jibu ni siyo.
AU hutosheka na moja. Yakiwapo yote mawili pia ni ndiyo. Hukataa pale tu yanapokosekana yote.
SI hugeuza. Ndiyo huwa siyo, siyo huwa ndiyo.

Tazameni Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 67. Anayetaka ubunge, pamoja na masharti mengine, awe raia, NA awe ametimiza miaka 21, NA ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili AU Kiingereza. AU ile ni ya lugha peke yake. Mtu wa miaka 20 hata akijua lugha zote mbili hawezi kusema, "Mimi nimepita kwa AU." Umri bado unamdai.

Na sisi ndivyo tulivyokubaliana mkutanoni: hisa ni lazima, deni na mdhamini, mojawapo latosha. Kwa hiyo sasa tunaweka mabano, kama tufanyavyo katika hesabu:

Hisa NA (deni limeisha AU mdhamini yupo)

Kwanza jibu la ndani ya mabano, halafu la nje. Tupime:

1. Hisa ndiyo, deni limeisha siyo, mdhamini ndiyo. Mabano ni ndiyo. Apewe. Huyu ndiye yule mama.
2. Hisa siyo, deni limeisha ndiyo, mdhamini ndiyo. Mabano ni ndiyo, lakini hisa hana. Asipewe.
3. Hisa ndiyo, deni limeisha siyo, mdhamini siyo. Mabano ni siyo. Asipewe.

Kukataa nako kuna kanuni yake. SI ikiingia, NA hugeuka AU, na AU hugeuka NA. Kwa hiyo anayekataliwa ni yule asiye na hisa, AU yule ambaye hajamaliza deni NA pia hana mdhamini. Wengine wote wana haki yao.

Basi ndugu, ukirudishwa ghalani usiondoke kimya. Uliza, "Nimekosa lipi?" Bwana stoo akuonyeshe kwa kidole katika sharti hili. Asipoweza kukuonyesha, njoo kwetu siku hiyo hiyo, mvua haingoji kikao.

Elimu haina mwisho. Ushirika ni nguvu!

Katibu